Nguo za kijeshi, mitumba au vifaa vya mgodini: mchezaji wa easofti wa Lubumbashi achague nini?

Mchezaji mpya wa easofti, mchezo wa kuigiza vita kwa bunduki za kuchezea zinazorusha gololi za plastiki, hapa Lubumbashi ana njia tatu za kujivalisha. Anaweza kuagiza nje vifaa vya kijeshi kama anavyoviona kwenye video: vizibao vyenye mifuko kumi, suruali za mabaka, kofia ngumu. Anaweza kwenda soko la Kenya, mtaa wa humu mjini, kupekua mitumba. Au anaweza kujivika kama mtu wa mgodini: buti za usalama, miwani ya kinga, glavu, suruali ya kazi. Njia hii ya tatu inapita mbele ya macho yetu kila asubuhi ndani ya mabasi ya wafanyakazi, na bado wachezaji wengi hawaifikirii.

Nina upande wangu, na nausema mapema. Katika mji huu duka la vifaa vya mgodini linashinda kwa miguu na mikono, mitumba inashinda kwa nguo, na vifaa vya kijeshi vinashinda sehemu chache kuliko wauzaji wake wanavyodai. Kwa macho sheria ni nyingine kabisa, na huko ndiko pesa yako yote iende kabla ya kununua mfuko hata mmoja.

Mabaka

Ulaya mchezaji hulinganisha mabaka ya MultiCam ya kampuni ya Crye Precision na Flecktarn ya jeshi la Ujerumani, akauliza ipi inamficha vizuri zaidi. Kwetu swali hilo halina nafasi. Sheria ya Kongo inamwadhibu raia anayevaa sare asiyo na haki nayo, na askari wa bariera, kizuizi cha barabarani, hatakaa kusikiliza tofauti kati ya mabaka ya FARDC, jeshi letu la taifa, na yale uliyoyanunua mtandaoni. Tena si askari tu. Watu wa mitaa ya Katuba na Ruashi wanawajua majambazi wanaokuja usiku wamevaa kijeshi. Wenye umri wa kutosha wanakumbuka Machi 2013, wapiganaji wa Kata Katanga, wanaotaka Katanga ijitenge, walipoingia mpaka katikati ya mji. Mama anayerudi shambani akikuta mtu wa mabaka amejibanza nyuma ya kichuguu na kitu kinachofanana na bunduki, atakimbia, na ana haki ya kukimbia. Habari ikifika polisi, watakaokuja watakuwa na silaha za kweli.

Kwa wasomaji wa Goma na Bukavu, miji iliyoangukia mikononi mwa waasi wa M23 Januari na Februari 2025, ushauri wangu ni mfupi zaidi: huko mchezo huu uwekwe kando, na vifaa vyake visionekane barabarani.

Basi mabaka yanatoka kwenye orodha. Je, tunapoteza nini? Kidogo sana. Gololi ya easofti inalenga vizuri mpaka mita 40 au 50 hivi, na katika umbali huo kinachomfichua mtu ni kutikisika kwake na kivuli chake, kabla ya rangi ya shati. Ukijua kukaa kimya nyuma ya kichuguu (na vichuguu vyetu vya Katanga ni virefu kuliko nyumba nyingi), shati la kahawia linatosha.

Rangi ichaguliwe kwa msimu. Kuanzia Mei mpaka Septemba majani yamekauka, halafu moto unapita na kuacha ardhi nyeusi yenye vumbi jekundu. Hapo kaki na kahawia ndizo zinazozama. Karibu na Septemba na Oktoba miti ya miombo inatoa majani mapya yenye rangi ya shaba kabla hata mvua haijanyesha, na kahawia bado inafanya kazi. Mvua ikikolea kuanzia Novemba, kijani kilichofifia kinaishinda kaki. Lakini usivae kijani kimoja kutoka kofia mpaka soksi, kwa sababu kwa mbali hiyo nayo inasomeka kama sare. Suruali ya kaki na shati la kijani, au kinyume chake, inakuficha vilevile na inakuacha ufanane na mtu anayekwenda kukagua shamba lake.

Macho

Gololi ya kawaida ya milimita 6 ina uzito wa gramu 0.20. Ikitoka kwa mwendo wa mita 100 kwa sekunde inabeba nishati ya jouli 1. Japani, mchezo huu ulikozaliwa, mpaka wa sheria uko chini kidogo ya hapo: jouli 0.98. Uingereza inaruhusu mpaka 1.3 kwa bunduki zinazopiga mfululizo na 2.5 kwa zile za risasi moja moja. Kundi lenu likubaliane mpaka wake, kisha kila mtu anunue kinga inayouzidi huo mpaka kwa mbali.

Sasa nenda duka la vifaa vya usalama mjini. Utaoneshwa miwani myepesi ya plastiki, na muuzaji atakuambia, "Papa, iyi njo ya mugodi yenyewe, haipasuke." Usibishane naye. Igeuze uangalie herufi zilizochapwa kwenye kioo na kwenye fremu, kwa sababu hizo zinasema ilipimwa kwa kitu gani. Kipimo cha Ulaya kinaitwa EN 166, na kinatumia kigololi cha chuma cha gramu 0.86. Cha Marekani ni ANSI Z87.1, na kigololi chake ni kikubwa kidogo. Nimeziweka nguvu hizo bega kwa bega:

| Alama | Aina ya kinga | Nguvu iliyopimwa |
|---|---|---|
| EN 166, herufi F | miwani ya kawaida | jouli 0.87 |
| ANSI Z87+ | miwani ya kawaida | jouli 1.1 hivi |
| ANSI Z87+ | miwani ya kuziba yenye mkanda | jouli 3 hivi |
| EN 166, herufi B | miwani ya kuziba yenye mkanda | jouli 6.2 hivi |

Umeiona safu ya kwanza? Miwani ya herufi F, ile inayouzwa kila kona, ilipimwa kwa nguvu ndogo kuliko gololi moja ya jouli 1. Ni kweli kwamba chuma ni kigumu kuliko plastiki, na miwani nyingi huvumilia kuliko ilivyopimwa. Lakini mimi sichezi na jicho langu kwa "huvumilia". Kwa mfanyakazi anayejikinga na vipande vya kusaga, F inafaa. Kwa mchezaji anayeweza kupigwa kutoka mita tano, haifai, na tena iko wazi pembeni: gololi iliyogonga mti inaingia kwa kando ya shavu.

Kwa hiyo ushindani wa kweli uko kati ya vitu vitatu. Kuna miwani ya kuziba ya mgodini yenye herufi B, miwani ya kijeshi ya kuziba, na barakoa ya peintboli, mchezo wa kupigana kwa gololi za rangi.

Ile ya mgodini ni ya bei nafuu na inapatikana mjini leo hii. Udhaifu wake ni ukungu. Januari, ukiwa umekimbia mita mia chini ya miti iliyolowa, kioo chake cha tabaka moja kinafunga ukungu kama dirisha la gari asubuhi, na mchezaji asiyeona hushawishika kuinua miwani. Hapo ndipo watu huumia. Chagua yenye matundu ya hewa yaliyofichwa juu na chini, si matundu wazi.

Ile ya kijeshi imepimwa kwa ukali zaidi kuliko zote, kwa vipande vinavyorushwa kama kutoka kwenye mlipuko. Ni nzuri, ila nyingi utakazoziona zinauzwa kwa bei ya chini mtandaoni ni za kuiga: umbo ni lile, kioo siyo. Nakala isiyo na alama yoyote ya kipimo ni pambo. Iache.

Barakoa ya peintboli ndiyo chaguo langu, hata kama inamfanya mtu afanane na mdudu. Gololi ya rangi ina uzito wa gramu 3 hivi, na viwanja vingi vya peintboli vinairuhusu mpaka karibu mita 90 kwa sekunde. Hiyo ni nishati ya jouli 12. Barakoa iliyotengenezwa kwa kipigo hicho haitishwi na gololi yetu. Inafunika meno na masikio, jambo ambalo miwani haifanyi, na meno ya mbele hukatika kwa urahisi kuliko watu wanavyodhani. Nunua yenye kioo cha tabaka mbili, kwa sababu hewa iliyo katikati ndiyo inayozuia ukungu. Ubaya wake ni joto, na shavu lako halikai vizuri kwenye kitako cha bunduki ukitaka kulenga. Nimekubali hasara hiyo.

Halafu kuna barakoa za neti ya waya. Hazishiki ukungu hata kidogo, ni nyepesi, ni rahisi, na vijana wanazipenda. Kwa kinywa na mashavu zinafaa sana. Kwa macho nazikataa: gololi hafifu ikigonga waya hupasuka na vipande vyake hupita kwenye matundu, na kiangazi vumbi letu jekundu linaingia lote. Anayetaka neti avae ya nusu uso wa chini, na juu yake miwani ya herufi B. Mchanganyiko huo ndio unaoikaribia barakoa ya peintboli kwa bei ndogo.

Nguo

Hapa mitumba inatawala, na sioni haya kusema hivyo. Wazambia jirani zetu huiita salaula. Sisi tunaifuata mpaka Kenya asubuhi mapema, kabla marobota hayajachambuliwa. Unachotafuta ni suruali za kazi au za kutembea milimani kutoka Ulaya: kitambaa kizito, mshono wa mara mbili katikati ya mapaja, na zile zenye mfuko magotini wa kuwekea sponji ni bahati. Sponji yenyewe utaikata kwenye godoro la zamani. Pedi za magoti za kufunga kwa mikanda, zile za kijeshi, huteleza mpaka kifundoni baada ya kukimbia mara tatu.

Suruali ya kijeshi ya kuagiza ina sifa moja ya kweli. Kitambaa chake, nusu nailoni na nusu pamba, kina nyuzi nene zilizosukwa kwa vimiraba, na kikitoboka tundu halikimbii. Tena kinakauka haraka. Ukipata ya rangi moja, isiyo na nembo, na pesa ipo, chukua. Usinunue ya polista tupu inayouzwa kwa jina hilohilo. Inang'aa juani na Oktoba inakupika.

Ovaroli ya mgodini? Ni imara, lakini kwa mchezo huu naiweka nyuma. Nyingi ni za bluu au za machungwa, na zina utepe unaorudisha mwanga ambao utakutangaza kabla hujainama. Fundi anaweza kuufumua. Kuna tatizo lingine: ovaroli yenye jina la kampuni ya madini, ikiwa wewe huifanyii kazi kampuni hiyo, ni swali linalosubiri kuulizwa. Vifaa vya makampuni huibiwa na kuuzwa, kila mtu anajua. Ukikuta suruali ya kazi ya kaki isiyo na jina, hiyo ni habari nyingine, na inalingana na mitumba bora.

Mikono iwe mirefu daima, hata kwenye joto. Gololi kwenye ngozi tupu inaacha alama, lakini hilo ni dogo. Upupu ukikugusa ukiwa umelala chini, mchezo wako umekwisha siku hiyo. Na Juni na Julai asubuhi ni baridi ya kweli kwenye uwanda huu wenye mita zaidi ya 1,200 juu ya bahari. Vaa sweta chini ya shati badala ya jaketi juu yake, maana saa nne jua likipanda utaivua.

Viatu

Viatu vya mgodini vinashinda, ila kwa aina moja. Kipimo chake ni EN ISO 20345. Kila kiatu cha kipimo hicho kina kofia ya vidole inayovumilia kipigo cha jouli 200, kinga ambayo huna haja nayo kabisa. Hakuna jiwe la mgodi litakalokuangukia kichakani. Unachohitaji kiko kwenye alama S3: bamba ndani ya soli linalozuia kitu chenye ncha, soli yenye meno, na ngozi inayokataa maji kwa muda. Nje ya mji, kwenye barabara ya Kipushi au ya Likasi, wachoma makaa wamekata miti na kuacha visiki vilivyochongoka chini ya majani. Bamba lile ndilo linalotenganisha mguu wako na kisiki. Tafuta S3 yenye kofia ya plastiki ngumu badala ya chuma. Tofauti ya uzito utaisikia baada ya saa moja. Na iwe ya kufunika kifundo, kwa ajili ya vifundo vyenyewe na kwa ajili ya kifutu, nyoka anayelala njiani na hasogei mpaka umkanyage.

Buti za kijeshi za kitambaa na ngozi ni nyepesi na zinakimbilika vizuri zaidi. Nyingi hazina bamba la soli, na ndefu mpaka nusu ya muundi zinavutia macho ya askari kama mabaka yanavyovutia. Nazipa nafasi ya pili.

Buti za milimani za mitumba zinadanganya. Juu ngozi inang'aa, chini soli inaonekana mpya, kwa sababu mwenyewe alizivaa mara mbili kisha akazisahau kabatini Ubelgiji. Sponji ya poliyurethani iliyo katikati ya soli huoza yenyewe kwa unyevu wa hewa kadiri miaka inavyopita, ivaliwe au isivaliwe. Siku unapokimbia, soli nzima inabanduka. Kabla ya kulipa, ikunje kiatu kwa nguvu na ubonyeze ukingo wa soli kwa ukucha: ukiona nyufa au unga, mrudishie muuzaji.

Raba za kukimbilia zinatosha kiangazi kwenye uwanja uliosafishwa. Buti za mpira za mvua, hapana. Maji yakiingia hayatoki.

Kubeba gololi na maji

Kizibao cha mabamba, kile kinachobana kifua na mgongo, kilitengenezwa kubeba bamba za kuzuia risasi. Mchezaji hubandika humo sponji ili kisimame. Anakuwa amevaa joto kwa bei kubwa, bila faida yoyote ila picha. Mifuko ya kifuani isiyo na mgongo inabeba magazini (vikasha vya gololi) zilezile, inapitisha hewa, na unaweza kulala kifudifudi bila kuhisi unabebwa na kobe. Mkanda wa kiunoni wenye mifuko miwili ni mwepesi kuliko vyote, na kwa anayebeba magazini tatu au nne hana sababu ya kutafuta zaidi.

Vya kuagiza vina utepe wa MOLLE, ule unaokuruhusu kuhamisha mifuko: mistari ya milimita 25, nafasi ya milimita 25, na mshono kila milimita 38. Vipimo hivyo vimenyooka, na kwa hiyo fundi anayeshona viti vya magari anaweza kuvifuata. Mpe turubai la lori na mkanda wa usalama wa gari lililokufa, chora kwenye karatasi, na utapata mifuko ya kifuani ya kahawia isiyofanana na ya askari yeyote. Cordura, kitambaa cha nailoni cha kiwandani, ni nyepesi zaidi na haishiki maji. Turubai ni zito na hudumu. Mimi ningeenda kwa fundi. Mfuko wa kwanza uwe wa chupa ya maji ya lita moja na nusu.

Glavu: za mgodini zenye kiganja cha mpira mwembamba, kata ncha ya kidole cha kufyatulia. Za kijeshi zenye vifundo vya plastiki zinauma mkono wako mwenyewe. Kofia: kapelo ya kitambaa. Helmeti ya mgodini ni nyeupe au ya njano na huanguka ukiinama. Ile ya kijeshi hurudi kwenye shida ya mabaka.

Begi la safari

Begi jeusi refu la bunduki linasema kilichomo kabla hujalifungua. Begi la michezo la kawaida, la timu ya mpira, linabeba vilevile ukiivunja bunduki ya kuchezea vipande viwili. Ncha ya machungwa ambayo sheria ya Marekani inaitaka kwenye bunduki za kuchezea, wengi huiondoa ili ifanane zaidi na ya kweli. Huku iache, na kama haipo, zungushia utepe wa rangi hiyo. Betri ikae mbali na bunduki, magazini ziwe tupu. Kiongozi wa kundi awe amekwenda kwa shefu wa kijiji au wa mtaa na kwa polisi wa eneo kabla ya siku yenyewe, na nakala ya barua iliyopokelewa ikae kwenye mfuko wa nje. Juu kabisa ndani ya begi weka barakoa na fulana za timu, nyekundu na njano, ili askari wa bariera akifungua zipu aanze na hizo.